Jinsi ya Kuona Alama ya Maji kwenye Stempu: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wakusanyaji wengi wa stempu hukwama mahali pamoja. Katalogi inaonyesha stempu mbili zenye picha ileile, rangi ileile na thamani ileile iliyochapwa, lakini moja ni ya kawaida na nyingine ni adimu kwa sababu ya alama ya maji peke yake. Mtu anaigeuza stempu yake, haoni kitu. Anaidondoshea kimiminika, bado haoni. Mwishowe anaandika "haina alama" na kuiweka kwenye ukurasa usio wake.

Mara nyingi kosa haliko kwenye stempu wala kwenye kifaa. Liko kwenye utaratibu: mtu ameanza na njia kali kabla ya ile nyepesi, hajui umbo analolitafuta, ameigeuza stempu vibaya, au ameondoa macho sekunde chache kabla alama haijajitokeza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiiona alama kwa uhakika katika hatua ya mapema, ishia hapo, maana kila mguso wa ziada unaihatarisha stempu.

## Unachokitafuta ni wembamba

Alama ya maji hutiwa karatasi ikiwa bado ni rojo. Maumbo ya waya au chuma hukandamiza rojo hilo, nyuzi zinasogea pembeni, na karatasi ikishakauka sehemu iliyokandamizwa inabaki nyembamba kuliko sehemu inayoizunguka. Hapo hakuna wino wala rangi yoyote.

Lishike hilo, kwa sababu njia zote zilizomo humu hutumia wembamba huo. Panapokuwa pembamba mwanga hupita kwa wingi zaidi. Karatasi ikilowa juu ya kitu cheusi, weusi huonekana zaidi hapohapo. Ikikandamizwa, hapo pia hubonyea tofauti. Njia moja ikishindwa, nyingine inaweza kufaulu kwa stempu ileile.

## Vifaa vya kuandaa

- Kibano cha stempu chenye ncha bapa zisizo na meno. Kibano cha nyusi hukwaruza karatasi na kuvunja meno ya stempu.
- Trei ndogo nyeusi ya kioo au kauri, yenye kina cha milimita chache. Baadhi ya plastiki hulainika au kupasuka zikikutana na kimiminika.
- Kimiminika cha kuonyeshea alama ya maji kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au nafta nyepesi safi, ile inayotiwa kwenye viberiti vya chuma vyenye utambi.
- Dropa ya kudondoshea.
- Kadi nyeusi isiyong'aa, kubwa kuliko stempu zako.
- Taa ya mezani ambayo shingo yake inapinda. Ya LED inafaa zaidi kwa kuwa haichomi.
- Lenzi ya kukuza.
- Karatasi nyeupe ya kunyonya, isiyo na maandishi.
- Katalogi yenye michoro ya alama za maji.
- Stempu mbili za bei ya chini za kujaribia: moja unayojua ina alama, nyingine unayojua haina.

Wengi huziruka stempu hizo mbili za mwisho, na hapo ndipo wanapoanza kushindwa. Kama hujawahi kuiona alama iliyo wazi kwenye trei yako, chini ya taa yako, utajuaje kuwa kutoona kwako kuna maana? Kwa upande wa Uingereza, stempu za kawaida za Malkia Elizabeth II za miaka ya 1950, zinazoitwa Wilding kwa jina la mpiga picha Dorothy Wilding, zinafaa kama stempu yenye alama. Zile za Machin, zilizoanza kutolewa mwaka 1967, hazina alama, kwa hiyo zinafaa kama ya pili.

Onyo kuhusu kimiminika. Nafta hushika moto haraka mno, na mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye moto ulio mbali. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, pasiwe na sigara, mshumaa, jiko wala hita chumbani. Funga chupa mara tu unapomaliza kudondosha. Vaa glovu kama unapima stempu nyingi, kwa kuwa nafta hukausha ngozi.

Usitumie petroli ya gari: ina viungo na rangi vinavyoacha doa, na ndani yake kuna benzeni inayosababisha saratani. Usitumie mafuta ya taa, huacha unyevu wa mafuta usiotoka. Asetoni na dawa ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha wino. Spiriti huharibu gundi na baadhi ya wino. Ukikuta chupa ya zamani ya tetrakloridi ya kaboni, ambayo wakusanyaji wa zamani waliitumia sana, usiifungue hata kidogo. Ni sumu ya ini na figo.

## Hatua ya 1: Jua umbo kabla ya kuigusa stempu

Fungua katalogi na utafute alama zote zinazowezekana kwa stempu hiyo. Zichore kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Jicho huona kwa urahisi kitu linachokitarajia, na mistari miwili hafifu isiyo na maana kwako inageuka kuwa mguu wa herufi R pale unapojua R hiyo inapaswa kuwa wapi.

Jiulize mambo mawili. Je, kila stempu ina alama yake moja nzima katikati, au alama zimesambaa kwenye karatasi yote hivi kwamba stempu moja inapata vipande tu? Na je, alama ni picha, herufi, au vyote viwili?

Alama nzima za picha ndizo rahisi. Stempu za kale za India zina kichwa cha tembo na baadaye nyota, za Jamaica za 1860 zina nanasi, za Tonga zina kasa. Ukiona sehemu ndogo tu ya nanasi, unalijua.

Stempu za makoloni ya Uingereza zilizochapwa kupitia Crown Agents, mawakala waliowashughulikia uchapaji makoloni hayo, zinahitaji umakini zaidi. Kuna taji juu ya herufi CC, kisha taji juu ya CA, moja kwa kila stempu. Kuanzia 1904 taji na CA zikasambazwa kwenye karatasi nzima kwa herufi wima za kawaida. Kuanzia 1921 zikaja zile za mwandiko wa mkono, ambapo CA imelala na ina mikunjo. Kutofautisha hizi mbili za mwisho usiangalie taji, angalia C. Ikiwa imenyooka kama herufi ya kitabu, ni ya 1904. Ikiwa imeinama na ncha yake imejikunja, ni ya 1921.

Hizo Wilding nazo ni darasa zuri la mazoezi, kwa sababu thamani ileile inaweza kuwa na alama tatu tofauti. Ya kwanza, ya 1952, ina taji la Tudor pamoja na E2R, yaani herufi za Malkia Elizabeth II. Ya pili, ya 1955, ina taji la Mtakatifu Edward pamoja na E2R. Ya tatu, ya 1958, ina mataji peke yake bila herufi. Ukiona herufi yoyote, ya 1958 imeondoka. Zikibaki mbili, tazama kilele cha taji: matao ya taji la Tudor hupanda na kukutana kwa mviringo juu, ilhali ya Mtakatifu Edward hushuka kidogo katikati, pale tufe linapokaa.

## Hatua ya 2: Safisha mgongo wa stempu

Mabaki ya vibandiko vya albamu huzuia mwanga na kuleta vivuli vinavyodanganya. Kama stempu imetumika na wino wake hauyeyuki kwa maji, iloweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka kibandiko kijiachie chenyewe. Usikivute. Ikaushe kati ya karatasi za kunyonya chini ya kitabu kizito usiku mzima.

Stempu isiyotumika yenye gundi yake usiiloweke kamwe, hata kama mgongo unakera macho. Gundi ikiondoka, na sehemu kubwa ya thamani imeondoka nayo.

Kuna faida hapa ambayo wengi huipoteza. Stempu ikitoka majini ingali imelowa, ilaze kifudifudi juu ya trei nyeusi kabla ya kuikausha. Alama nyingi huonekana hapohapo, kwa maji matupu, na huhitaji tena nafta.

## Hatua ya 3: Njia kavu

Mwanga wa nyuma. Ishike stempu kwa kibano mbele ya taa, mgongo ukikuelekea, na uisogeze taratibu. Tafuta kwanza mahali ambapo uchapaji ni hafifu: ukingo, au sehemu tupu pembeni ya kichwa cha mfalme. Alama itaonekana kama mistari inayong'aa kuliko karatasi iliyo jirani. Kwenye stempu zenye picha nzito nyeusi njia hii hushindwa mara nyingi, usishangae.

Mwanga wa ubavuni. Laza stempu kifudifudi juu ya kadi nyeusi. Zima taa ya chumba. Shusha taa ya mezani hadi mwanga wake upite karibu sambamba na meza, kisha zungusha kadi pole pole, mzunguko mzima. Unatafuta kivuli cha bonde dogo kwenye karatasi. Upande mmoja unaweza kuona laini tupu, na ukigeuza robo mzunguko herufi nzima ikainuka. Njia hii inafaa sana kwa stempu zisizotumika, kwa sababu haigusi gundi.

Umefaulu pale unapoweza kuchora ulichokiona bila kutazama katalogi, na mchoro wako ukalingana na mmoja tu kati ya ile uliyoiandaa. "Nadhani kuna kitu" haihesabiki. Endelea na hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Kimiminika kwenye trei nyeusi

Hii ndiyo njia inayofanikisha kazi kubwa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka.

### Stempu zisizofaa kuloweshwa

Baadhi ya stempu zilizochapwa kwa fotogravua (uchapaji wa bamba lenye vishimo vidogo vya wino) hutoa wino zikiguswa na nafta. Jaribu kwanza nakala ya bei ya chini ya toleo hilohilo: ilaze, idondoshee, ifute kwa karatasi nyeupe. Rangi ikibaki kwenye karatasi, achana na njia hii kwa toleo zima. Usiloweshe pia stempu zinazojinata zenyewe, zenye wino wa metali, wala iliyo bado kwenye bahasha, kwa kuwa nafta inaweza kubeba uchafu na wino wa bahasha hadi kwenye stempu.

Gundi ya kawaida ya stempu huyeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa nafta safi. Ukiona gundi inanata baada ya kudondosha, jua kimiminika chako kina maji au spiriti ndani yake. Acha kukitumia.

### Utaratibu

1. Pima usafi wa kimiminika. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uliache likauke kabisa. Likiacha pete au doa la mafuta, usikitie kwenye stempu yoyote.

2. Weka stempu ya majaribio yenye alama kwenye trei, kifudifudi, na uipime kwanza. Ukiiona alama yake vizuri, trei, taa na kimiminika viko sawa. Usipoiona, rekebisha taa kabla ya kwenda mbele.

3. Ondoa ya majaribio, kisha weka stempu unayoichunguza, kifudifudi, ukingo wake wa juu ukiwa upande wa juu. Unapoigeuza, igeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, kulia kwenda kushoto. Ukiipindua kichwa chini miguu juu, mwelekeo wa alama utakudanganya katika hatua ya 6.

4. Dondosha matone matatu hadi matano, ya kutosha kulowesha stempu nzima bila kuifanya ielee. Kimiminika kingi mno hutengeneza uso unaoakisi taa, ukabaki kuona taa badala ya karatasi. Kidogo mno huacha mabaka makavu yanayofanana na alama.

5. Tazama bila kupepesa macho. Mara tu kimiminika kinapoenea, karatasi nzima inakuwa nyeusi zaidi na alama nyingi hujitokeza hapohapo kama mistari iliyokoza kuliko karatasi yote. Kama haijatokea, usiondoke. Karatasi nene huonyesha alama yake pale inapoanza kukauka, ambapo sehemu moja hupauka kabla ya nyingine. Dakika hiyo ni fupi, na ndiyo watu wengi huikosa kwa kuwa wamegeuka kuchukua chupa wadondoshe tena.

6. Inamisha trei kidogo kuondoa mng'ao. Badilisha pembe ya taa. Rudia mara mbili au tatu, ukiiacha ikauke kabisa kila mara.

7. Toa stempu kwa kibano ukiishika katikati ya upande mmoja, si kwenye pembe, kwa kuwa karatasi iliyolowa hukunjika pembeni kirahisi. Ilaze kwenye karatasi ya kunyonya hadi harufu iishe. Usiirudishe kwenye albamu mapema. Mvuke ulionaswa huchafua kurasa.

Sababu ya haya yote ni moja. Kimiminika hujaza nafasi za hewa kati ya nyuzi, karatasi ikaanza kupitisha mwanga, na weusi wa trei ukaonekana. Pale palipo na nyuzi chache, weusi huonekana zaidi. Ndiyo maana trei ya kijivu au ya bluu haifai: hakuna weusi wa kutosha wa kuonyesha tofauti hiyo.

Njia nzuri ya kutokosa ile dakika fupi ni kuiwekea simu juu ya trei, bila mwanga wa flashi, na kurekodi video kuanzia tone la kwanza hadi stempu ikauke. Kisha isogeze video taratibu ukiwa umetulia. Mara nyingi herufi iliyopita bila wewe kuiona imo humo.

## Hatua ya 5: Stempu sugu

Stempu za manjano na rangi ya chungwa ndizo zinazosumbua zaidi, zikifuatiwa na zile zilizochapwa kwenye karatasi yenye chaki, ambayo huficha umbile la nyuzi.

Ondoa picha kwa rangi yake. Wino mwekundu ukitazamwa kwa mwanga mwekundu huonekana karibu mweupe, na picha inafifia. Fanya skrini ya simu iwe na rangi moja tupu inayokaribiana na ya wino, laza stempu juu yake kwenye chumba chenye giza, utazame kutoka mgongoni. Picha ikiisha nguvu, mistari ya alama inabaki. Badilisha kivuli cha rangi hadi upate kile kinachoififisha picha zaidi. Usifanye hivi stempu ikiwa imelowa nafta.

Vifaa vya kukandamiza. Morley-Bright Roll-A-Tector hutumia pakiti ya plastiki yenye wino ndani: ukiiweka juu ya stempu na kuisukuma, wino hukusanyika kwenye mabonde ya alama na umbo likaonekana kupitia plastiki. Signoscope ya kampuni ya SAFE hubana stempu dhidi ya kioo na kuimulika. Vyote viwili havihitaji kimiminika, na kwa stempu safi yenye gundi ndivyo ambavyo ningevitumia kwanza kama vipo. Kwa karatasi laini sana iliyokwisha kuoshwa mara nyingi, mabonde yamejaa na vifaa hivi havina cha kuonyesha.

Skana. Laza stempu uso juu kwenye kioo cha skana, ili mgongo ndio usomwe, isipokuwa mashine yako husoma kutoka juu. Kwa maneno mengine, mgongo uangalie upande wa lenzi. Funika kwa kadi nyeusi. Chukua picha ya rangi kwa dpi 600 au zaidi na uzime marekebisho yote ya kujiendesha. Kwenye programu ya picha, tenganisha rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwa stempu nyekundu tazama ile nyekundu, kwa ya bluu tazama ile ya bluu, kwa sababu ndipo wino hufifia. Kisha ongeza tofauti ya mwanga na giza kidogo kidogo. Ukizidisha, chembe za karatasi zitaanza kuonekana kama maumbo.

## Hatua ya 6: Soma mwelekeo wa alama

Kwenye matoleo mengi, alama iliyopinduka ni aina tofauti yenye namba au bei yake, kwa hiyo usiishie kwenye "ipo".

Katalogi ya Stanley Gibbons huonyesha alama jinsi inavyosomeka ukiitazama kupitia uso wa stempu. Wewe unaitazama kutoka mgongoni. Kwa hiyo, ukiwa umeigeuza stempu kama ukurasa:

- Herufi zimesimama wima lakini zimegeuka kama kwenye kioo: hiyo ni ya kawaida.
- Zimegeuka kama kwenye kioo na pia kichwa chini: imepinduka.
- Zinasomeka sawasawa kutoka mgongoni: imegeuzwa, yaani karatasi iliwekwa upande usio wake kwenye mashine.
- Zinasomeka sawasawa ukizungusha stempu nusu mzunguko: imepinduka na kugeuzwa.
- Zimelala ubavu: andika taji linaelekea kushoto au kulia, na uandike pia kwamba ulitazama kutoka mgongoni.

Alama yenye pande zinazolingana, kama taji tupu, haiwezi kukuambia kama imegeuzwa. Itakuambia kama imepinduka tu. Soma pia kurasa za utangulizi za katalogi unayotumia, kwa sababu zote hazifuati upande mmoja wa kutazama.

Usikurupuke kudhani umepata kosa adimu. Stempu zilizotoka kwenye vijitabu mara nyingi zina alama iliyopinduka, na zile za roli zina alama iliyolala, kwa sababu ya jinsi karatasi zilivyopangwa wakati wa kuchapa. Kwenye Wilding hali hiyo ni ya kawaida kabisa.

## Hatua ya 7: Alama iliyo kipande tu

Hapa ndipo stempu za Marekani huwatesa watu. Herufi USPS zilisambazwa kwenye karatasi nzima bila kufuata nafasi ya stempu: za mistari miwili kuanzia 1895, za mstari mmoja kuanzia 1910, na matumizi hayo yakaachwa 1916. Stempu moja inaweza kuwa na kipande kidogo cha S kwenye pembe, basi.

Chukua stempu zenye picha za Washington na Franklin zenye kipimo cha meno 10, yaani meno 10 katika kila sentimita mbili. Toleo la 1914 lina alama ya mstari mmoja. La 1916 halina alama. Picha ni ileile, meno ni yaleyale, na hukumu yote inategemea kama kuna ukucha wa herufi mahali fulani mgongoni.

Chora herufi zote nne kwa ukubwa halisi kwenye plastiki angavu. Pima stempu kwenye kimiminika mara tatu, kila mara ukigeuza trei ili mwanga uingie kutoka upande mwingine. Kagua kingo zote nne kwa lenzi, pamoja na meno yenyewe, kwa sababu mstari wa herufi huishia hapo. Ukiona mstari wowote, weka plastiki juu yake na uisogeze hadi uone kama kuna herufi ambayo mstari huo unaweza kuwa sehemu yake. S ina mikunjo tu. Mstari mnyoofu na mrefu ni wa U au P. Kama stempu zimeshikana mbili au nne, zipime zikiwa pamoja, maana jirani anaweza kuwa na herufi kubwa iliyo wazi.

Andika "haina alama" pale tu njia kavu, kimiminika kwa mara tatu na skana vyote vimenyamaza, huku stempu yako ya majaribio ikionyesha alama yake siku hiyohiyo. Na ikiwa ile isiyo na alama ndiyo ya bei kubwa, ipeleke kwa mtaalamu anayetoa cheti kabla ya kuinunua au kuiuza. Kwa stempu kama hizo, jicho moja halitoshi.

## Hatua ya 8: Tenganisha alama na vitu vinavyofanana nayo

Kimiminika hakichagui. Huonyesha kila palipo pembamba, hata palipoharibika. Hiyo ni faida kubwa kwa anayenunua, kwa sababu hufichua mikunjo iliyonyooshwa, matundu yaliyozibwa na pembe zilizobandikwa upya.

Sehemu iliyochunika, kwa mfano pale kibandiko kilipong'olewa, huwa nyeusi sana na kingo zake zimechakaa bila mpangilio. Mkunjo ni mstari mmoja mwembamba unaokata stempu, na ukitazama uso mara nyingi wino umepasuka hapohapo. Mhuri wa posta uliogongwa kwa nguvu huacha duara mgongoni. Geuza stempu uone kama linafuata duara la uso. Vimistari vidogo sambamba vinavyojaa stempu nzima ni umbile la karatasi lenyewe.

Alama ya maji ya kweli ina kingo zenye mpangilio, upana wa mistari yake ni uleule, na inaingia kwenye mchoro uliouandaa katika hatua ya 1. Ikikosa moja kati ya hayo, rudia upimaji kabla ya kuamini.

## Kuandika matokeo na kumalizia kazi

Andika kwa penseli kwenye ukurasa wa albamu, chini ya nafasi ya stempu, si kwenye mgongo wake. Taja alama, mwelekeo, upande uliotazama na njia iliyokuonyesha. Kama una picha ya skana au fremu ya video, ihifadhi kwa namba ya katalogi. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi ataiona bila kuilowesha tena.

Kimiminika kilichobaki kwenye trei usikirudishe chupani. Kimebeba chembe za gundi na wino zitakazohamia stempu inayofuata. Kinyonye kwa karatasi, itandaze karatasi hiyo nje mahali pasipo na moto hadi ikauke kabisa, ndipo uitupe. Usikimwage kwenye sinki.